Mwenye Vyombo na Wenye Muziki

Fulana zilikuwa 60, za buluu, mgongoni zimeandikwa kwa herufi nyeupe: SISI NI FAMILIA MOJA. Ofisi iliyoniita ilikuwa imekodi hoteli ya ufukweni Bagamoyo kwa siku mbili, nami nilipangiwa kutoa mada mchana wa siku ya kwanza, saa ile mbaya baada ya pilau. Asubuhi watu walivuta kamba, wakakimbia na mayai kwenye vijiko, wakafungwa miguu wawili wawili. Walicheka kwelikweli, sitaki kuwasingizia. Ila nilipotoka kupunga upepo niliwakuta madereva watatu wamekaa kwenye kivuli cha basi dogo, kila mmoja na shati lake la siku zote. Nikawauliza fulana zao ziko wapi. Mmoja akaniangalia kama unavyomwangalia mgeni aliyepotea njia.

"Mwalimu, sisi tumeileta familia. Tunasubiri kuirudisha."

Kazi yangu ni kuitwa na mabosi wenye malalamiko yanayofanana. Watu wangu hawana umoja. Kila mtu anavutia kwake. Hawana uchungu na kazi. Na dawa wanayoitaka huwa wameshaichagua kabla sijafika: semina, kaulimbiu, fulana, picha ya pamoja. Kwa miaka kadhaa niliwauzia dawa hiyo na nikalipwa vizuri. Siku hizi nikiulizwa kundi la watu linakuwaje kitu kimoja, nawapeleka watu kwenye muziki wa dansi wa Dar es Salaam. Wengi hutabasamu, hasa waliosomea uongozi nje.

Kwenye dansi kuna jambo ambalo kila mwanamuziki analijua: bendi ina mwenye vyombo na ina wenye muziki, na mara nyingi hao si watu wale wale. Magitaa, vipaza sauti, saksafoni na tarumbeta vilitoka ng'ambo, na katika miaka ya 70 na 80, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, mwenye kuvimiliki alikuwa mtu mkubwa. Zamani zaidi haikuwa hivyo. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanza mwaka 1932, na nyingi zilizoifuata zilikuwa vilabu vya wanachama. Baadhi zilikusanya watu waliotoka upande mmoja wa nchi: Western Jazz ilikuwa ya watu wa magharibi waliohamia mjini, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilibeba jina la kwao. Umoja wa namna hiyo mtu huingia nao mlangoni tayari, kama anavyoingia na lafudhi yake.

Baada ya uhuru mambo yakageuka. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, na wanamuziki wakawa waajiriwa wa mshahara. Wengine wakafuata: polisi, jeshi, jumuiya ya vijana, mashirika ya umma. Mpiga gitaa sasa alikuwa na mwajiri, kadi ya kazi na bosi ambaye huenda hakujua sauti ya besi inatofautianaje na ya rithimu. Gitaa si lake. Jina la bendi si lake. Pembeni yake amesimama mtu wa Tanga, nyuma yake mtu wa Kigoma, na hakuna aliyejichagulia wenzake.

Sasa tazama kilichotokea. Mwenye vyombo alibadilika jina mara kwa mara. NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, na bendi ikabadilishwa jina kila mara kama gari linalobadilishwa namba. Mashabiki walisema Msondo tu. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafirishaji na teksi, mwaka 1983 ikahamia kwa DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mashabiki walisema Sikinde. Yote mawili ni majina ya ngoma za jadi, na kwenye dansi yalikuwa majina ya mitindo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake: Western walikuwa na Saboso, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa na Sululu, Vijana Jazz wakaja na Pamba Moto. Mtindo haukuwa mali ya mwenye vyombo. Hakuununua, na hakuweza kuuandika kwenye daftari la mali.

Watu wa ofisini hudhani mtindo ni sawa na kaulimbiu yao. Kaulimbiu hutungwa na mtu mmoja kisha wengine huivaa. Mtindo hutoka kwenye mazoezi, na mazoezi ya bendi ni kitu ambacho ningependa kila meneja akione walau mara moja, akae kimya nyuma.

Nilikaa hivyo mchana mmoja kwenye baa moja ya Dar es Salaam, makreti matupu yamepangwa hadi dirishani na dada wa baa anapiga deki katikati ya meza. Mtunzi alikuja na maneno yake kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Akauimba wimbo mara mbili peke yake, bila chombo. Hakumwambia mtu apige nini. Besi ikaingia kwanza, kwa kupapasa. Mpiga solo akajaribu kitu, akakiacha, akajaribu kingine. Wapuliza tarumbeta walikuwa bado wanaongea habari za mpira. Kwenye rithimu alikuwapo kijana mgeni, hana mwezi tangu ajiunge, naye kwa woga akawa anafuata kila anachopiga wa solo, hatua moja nyuma.

Mzee wa besi akainua mkono. "Basi, basi. Nyamazeni wote. Mdogo wangu, piga wewe peke yako."

Kijana akapiga.

"Hicho ni cha kaka yako hapo. Chako kiko wapi?"

"Sijakipata, mzee."

"Haya. Tunakusubiri."

Na kweli wakamsubiri. Mmoja akawasha sigara, mwingine akafungua chupa ya maji, mzee akafumba macho kama aliyelala. Ilichukua kama dakika 20, na kwangu niliyezoea vikao vyenye ajenda zilikuwa ndefu kuliko mada yangu ya Bagamoyo. Kijana alipokipata kilikuwa kitu kidogo mno, noti tatu zinazoshuka, zinaingia kwa kuchelewa kidogo nyuma ya pigo. Nilichokuja kukielewa baadaye ndicho kilichofuata. Mpuliza tarumbeta, aliyekuwa na kipande chake tayari, akakikata. Aliondoa sauti mbili mahali pale ili zile noti tatu zisikike. Hakuagizwa. Walipofika kwenye chemko, pale wimbo unapokaza mwendo na watu ukumbini huacha viti, noti zile zilikuwa zimeshakuwa uti wa mgongo wa wimbo mzima.

Tangu mchana ule nina kipimo kimoja. Simuulizi mtu kama anajisikia nyumbani kazini, kwa sababu atanijibu ninachotaka kusikia. Namuuliza: tangu uje hapa, kuna mtu yeyote aliyebadilisha namna yake ya kufanya kazi kwa sababu yako? Wengi hukaa kimya kwanza. Mgeni ofisini hupewa barua ya majukumu, huzungushwa kusalimia, huonyeshwa choo, kisha anatakiwa ajikunje atoshe. Wote waliomtangulia hubaki walivyo. Miezi sita baadaye bosi analalamika kwamba kijana hana uchungu na kazi. Aupate wapi, wakati kazi ingekwenda vile vile kama asingekuja?

Wataalamu wamelipima jambo linalokaribiana na hili. Richard Hackman, mwanasaikolojia wa Harvard, alichunguza na wenzake okestra kubwa za simfoni 78 huko Marekani, Uingereza na Ujerumani. Kwa ridhiko la kazi, wanamuziki wale waliosomea tangu utoto, wenye mishahara na heshima, walijikuta chini kidogo ya askari magereza. Walioridhika zaidi yao ni wale wanaopiga wanne wanne, bila kiongozi wa kuwapungia fimbo, wanaobishana kila sehemu wenyewe. Muziki ni ule ule, na pengine fidla ni ile ile. Kwenye simfoni kila noti imeamuliwa na mtu aliyekufa zamani, na namna ya kuipiga imeamuliwa na mtu aliyesimama mbele.

Kuna swali ambalo mameneja huniuliza hapa, na ni la haki. Benki si baa. Mhasibu hawezi kutafuta "chake" kwenye hesabu za watu. Kweli kabisa, lakini hata yule kijana hakuwa huru kiasi hicho. Ufunguo wa wimbo ulikwishaamuliwa, mwendo ulikuwa wa besi, maneno yalikuwa ya mtunzi na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Uhuru wake ulikuwa mwembamba kama uzi, ila ulikuwa wake. Kwenye kazi nyingi uzi huo upo, na mara nyingi umekaliwa na mtu mmoja tu asiyejua kwamba ameukalia.

Nilimkuta mtu wa aina hiyo kwenye kampuni moja ya usambazaji wa vinywaji. Bosi aliniita kwa sababu madereva na wapakiaji wake walikuwa, kwa maneno yake, kama vibarua wa kupita. Nikaomba kuona asubuhi moja inavyokwenda. Karani wa mauzo alikuwa anapanga oda kwa kufuata nani alipiga simu kwanza. Dereva akipewa karatasi saa 12 asubuhi anakuta mzigo wa duka la kwanza njiani umezikwa chini, na wa duka la mwisho uko mlangoni. Kila siku wapakiaji walishusha makreti barabarani, wakayapandisha tena, chupa zikavunjika, wakakatwa mshahara. Walikuwa wamelisema kwa miaka miwili. Jibu lilikuwa moja: mfumo ndivyo ulivyo.

Tulichofanya hakikuhitaji hoteli. Dereva mmoja alianza kukaa na karani kila siku saa 11 jioni, robo saa, wakapanga oda kwa kufuata barabara. Karani alinuna wiki nzima, na namwelewa, maana kipande chake kilikuwa kinakatwa ili noti za mwingine zisikike. Chupa ziliendelea kuvunjika, ila chache. Kilichonifurahisha zaidi nilikisikia getini mwezi wa pili. Dereva yule alikuwa akimweleza mlinzi habari za safari ya kesho, akasema, "Tumepanga tuanze na Mbagala." Mwanzoni kila sentensi yake ilikuwa na wa-: wameamua, wamesema, wanataka. Kiswahili kimetupa mizani ya bure pale mwanzoni mwa kitenzi, nasi tunalipia dodoso la kurasa 12 kupima kitu kile kile. (Bosi, kwa taarifa yenu, aliagiza fulana hata hivyo.)

Nirudi kwenye bendi, maana nisipoelezea mwaka 1985 nitakuwa nimewapamba. Mwaka huo Hugo Kisima, mwenye vyombo vya Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake iliyokuwa ikipiga mtindo wa Masantula na kwenda kuchota wanamuziki sita wa Mlimani Park. Waliondoka watu wakubwa: Muhiddin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka, Abel Balthazar. Wakaunda bendi mpya yenye mtindo wa Ndekule. Ukilitazama kwa macho ya ofisini, Sikinde ilikuwa imekwisha. Sauti mbili ambazo mashabiki walikuwa wakizifuata zilikuwa zimehamia upande wa pili wa mji kwa sababu ya maslahi, na sioni sababu ya kuwalaumu. Hata wao walipojiunga Mlimani Park mwaka 1978, Gurumo na Bitchuka walikuwa wametoka Msondo.

Sikinde haikufa. Alibaki Michael Enoch, kiongozi na mpiga vyombo vingi, aliyefundisha wanamuziki wengi. Wakaingizwa vijana, na bendi ikaendelea kupiga na kupendwa. Kwa maoni yangu haikuokolewa na uaminifu wa waliobaki peke yake. Namna ya kupiga Sikinde haikuwa imefungiwa kwenye vichwa sita. Ilikuwa imesambaa kwenye mazoezi, kwenye tabia ya kumsubiri mgeni apate chake, kwa hiyo vijana waliokuja hawakuambiwa wawe nakala za walioondoka. Timu inayoulinda umoja wake kwa kuwashikilia watu iko hatarini siku zote. Ikiulinda kwenye namna ya kumpokea mtu, hata akina Kisima wawili wangeweza kupita.

Ndekule ilivuma, kisha haikudumu. Bitchuka akarudi Sikinde. Gurumo akarudi Msondo, akaimba huko hadi alipostaafu mwaka 2013, na alipofariki Aprili 2014 aliombolezwa kama mtu wa Msondo tangu kuzaliwa kwake. Mtu huyu aliondoka na kutua kwingine mara mbili! Maofisini mwetu aliyeacha kazi huondolewa kwenye kundi la WhatsApp kabla hajamaliza kukabidhi funguo, na akiomba kurudi anaonekana msaliti aliyefilisika. Tunachanganya kuwa wa kundi na kufungwa kwenye kundi.

Sijasahau fedha. Orchestra Maquis, waliotoka Zaire, walikwenda mbali kuliko wenzao wengi wa mjini: waliunda kampuni yao wenyewe, OMACO, wanamuziki wakawa na sehemu yao. Hapo mwenye vyombo na wenye muziki walikaribia kuwa watu wale wale. Nalitaja kwa sababu kuna mabosi wanaopenda sana hotuba za kumiliki kazi, "hii kampuni ni yenu", huku sehemu pekee ya kampuni anayopewa mtu ni lawama. Mfanyakazi anajua hisa ni nini. Ila hata Maquis walipoteza watu, kwa hiyo sitauza umiliki kama dawa ya pili baada ya kuacha kuuza ya kwanza.

Na lengo la pamoja, lile linaloandikwa kwenye fremu pale mapokezi chini ya maneno dira na dhamira? Kwenye dansi halikuandikwa popote. Lilikuwa Jumamosi usiku. Ukumbi umejaa au haujajaa, watu wamesimama kucheza au wamekaa wanatafuna mishikaki, na mpiga tumba analiona hilo kwa wakati mmoja na mwimbaji. Hakuna aliyesubiri taarifa ya robo mwaka. Nikiingia ofisini siku hizi huwa natafuta ukumbi uko wapi: mahali gani mtu wa stoo anauona uso wa anayekula matunda ya kazi yake? Mara nyingi hapana. Anaona karatasi inaingia na karatasi inatoka.

Kuhusu neno familia nitasema kidogo tu. Sijawahi kusikia wanadansi wakijiita hivyo. Walijiita bendi, na bendi inatosha. Ofisi inayotoa mikataba ya mwaka mmoja mmoja ikijiita familia inawafundisha watu kutoamini maneno yake mengine. Tena kuna ofisi ambazo ni familia kwelikweli, shemeji amekaa kwenye uhasibu na mpwa kwenye manunuzi, na humo mgeni hapati pa kuweka hata noti moja. Umoja wa kuja nao kutoka nyumbani ndio rahisi kuliko wote, na ofisini ndio unaonitia hofu.

Yule dereva wa Bagamoyo alifiwa na mama yake mwaka uliofuata. Nilikuwa bado nina kazi kidogo na ofisi ile, kwa hiyo nilikwenda msibani nje kidogo ya mji. Wafanyakazi walikuja kwa basi lile lile dogo, safari hii likiendeshwa na mwenzake. Wengi walisimama pale uani wakiwa wamekunja mikono, hawajui wakae wapi. Aliyewapokea na kuwaonyesha mikeka alikuwa dada wa usafi. Yeye si mwajiriwa wa ofisi ile. Ni wa kampuni ya zabuni, kwa hiyo hakuwamo kwenye basi, hakuwamo kwenye kundi la WhatsApp, na kule Bagamoyo hata kivuli cha basi hakukikalia. Alikuwa amefika usiku, kwa daladala na bodaboda, na mikono yake ilikuwa bado na masizi ya masufuria.

Baada ya mazishi mwenyekiti wa kamati alisoma michango ya ofisi, jina moja moja na kiasi chake, kuanzia kwa mkurugenzi. Mwishoni kabisa akasoma, "Na wengineo, shilingi elfu mbili."

Mfiwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa chini. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, mwenyekiti. Huyo ana jina."

Mwenyekiti akajipapasa mifuko, hana kalamu. Mtu akampa yake.